Mbwa wa Cheti Hafunikwi Tanga

Mbwa wa cheti hafunikwi tanga. Mmeisikia asubuhi hii shangazi yenu akimwambia Fides, ambaye posa yake imeshapokelewa na wazee wote, lakini mpaka leo anamwingiza mchumba wake kwa mlango wa jikoni. Mkacheka weee, kisha mkaja kuniuliza mbwa ameingiaje kwenye habari za uchumba. Haya, kaeni. Anayetafuna muwa autafune taratibu nisipandishe sauti bure. Methali hii ina wenyewe, na mambo yalianza hivi.

Kipili, kwenye Ziwa Tanganyika, alikuwepo fundi wa mashua aliyeitwa Kaspar. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wametawanyika, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kabisa kwa miaka mingi ya kugonga misumari. Alibaki na mbwa mmoja wa rangi ya kahawia, jina lake Watasema. Jina hilo aliwatupia majirani waliomcheka siku ya kwanza alipompandisha mbwa kwenye mashua. Wao walidhani ni uzee. Hawakujua kwamba boti ya injini ikija upande wa kushoto, Watasema alibweka mara tatu, na Kaspar akageuza kichwa akaiona. Bila mbwa yule, mzee asingethubutu kutoka hata nje ya ghuba.

Mwaka huo zikaja habari kutoka Zambia, alikoolewa dada yake Gaudensia. Dada na mumewe walikuwa wanafanya jubilei ya miaka hamsini ya ndoa, misa ni Jumamosi, miezi miwili mbele. Kaspar hakuwa amemwona dada yake kwa miaka kumi na mmoja. Akasema atakwenda, na atakwenda kwa mashua yake mwenyewe, aliyoichonga kwa mikono yake.

Sasa, mbwa havuki mpaka hivi hivi kama upepo. Kaspar alimpeleka Watasema kwa daktari wa mifugo, akachomwa sindano ya kichaa cha mbwa, kisha akaambiwa asubiri siku thelathini ndipo asafiri. Alizihesabu kwa kuchora mistari ya mkaa ukutani. Zilipotimia alipewa cheti chenye muhuri, akakitia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko akautia kwenye kopo la maziwa ya unga. Ilikuwa fahari yake kubwa. Mtu alifika kuuliza bei ya mashua, akaondoka amesomeshwa cheti cha mbwa.

Alisafiri na shemeji yake Nikodemu, mdogo wa marehemu mkewe. Safari ilikuwa njema. Upepo ulikuwa wa kadiri, walipika dagaa juu ya jiko la mkaa, na Watasema alikaa mbele puani mwa mashua akinusa nchi mpya. Kaspar alikuwa na furaha hata akaimba, na mwenzake akamwomba aache.

Alhamisi mchana bandari ya ng'ambo ikaonekana, na hapo ndipo mazoea yalipoanza kazi yake. Siku zile watu wa ziwani walikuwa na desturi. Chombo kikikaribia forodha, tanga linashushwa na kutandazwa juu ya mizigo, hata kama mzigo ni kikapu cha viazi. Hakuna aliyejua kwa nini. Baba alifunika, mtoto naye akafunika.

"Shemeji, mfunike na mbwa," akasema Nikodemu akishusha tanga.

"Ya nini? Si ana cheti?"

"Cheti, cheti! Ukionyesha karatasi moja watataka na ya pili. Mimi nimevuka hapa kabla mbwa wako hajazaliwa. Wasipoona, hawaulizi."

Kaspar alisita. Lakini alimfikiria dada yake, akafikiria Jumamosi, akaogopa kucheleweshwa. Akamwambia Watasema lala, akamfunika.

Afisa aliyekuja gatini alikuwa mama wa makamo, Bi Sinyangwe, aliyekulia ziwani na kukijua Kiswahili vizuri. Alitazama pasi zao, akaambiwa wanakwenda jubilei ya dada, akagonga mihuri.

"Kuna mnyama yeyote? Kuku, mbuzi, mbwa?"

Kaspar akamtazama Nikodemu. "Hakuna, afande."

Wakati huo huo boti ya injini ikaja ikinguruma upande wa kushoto. Watasema hakuwa ameagizwa kunyamaza kazini. Akabweka mara tatu.

Bi Sinyangwe akainamisha kichwa. "Mzee, tanga lako linabweka?"

Aibu ilimpanda Kaspar mpaka masikioni, hata lile lililokufa. Akamfunua mbwa, akafungua kopo, akatoa cheti. Bi Sinyangwe akakisoma mara mbili.

"Muhuri upo. Siku zimetimia. Hiki ni cha nani?"

"Cha huyu huyu, Watasema."

"Kama ni chake, chini ya tanga alikuwa anatafuta nini?"

Nikodemu alianza kuvichunguza vidole vya miguu yake.

"Ungenionyesha mwanzo, mzee wangu, saa hizi ungekuwa unapiga hodi kwa dada yako. Lakini umeniambia hakuna mbwa, na mbwa yupo. Sasa nitajuaje kwamba karatasi yako haisemi uongo kama ulivyosema wewe?"

Akaeleza kwamba mbwa atafungiwa kwenye banda nyuma ya ofisi mpaka daktari aliyesaini athibitishe. Asipothibitisha, mbwa atahesabiwa kuwa hana chanjo, na wa namna hiyo huchomwa sindano ya mwisho. Walipompigia daktari simu hakupatikana. Alikuwa vijijini akichanja ng'ombe, kusiko na mtandao.

"Hapa kwenye kitabu pana nafasi ya sababu," akasema Bi Sinyangwe. "Kwa nini mbwa alifunikwa. Niandike nini?"

Kaspar angeweza kumsukumia shemeji yake. Alimtazama, akaghairi.

"Andika kwamba mzee alikuwa na haki yake mkononi, akaibeba kama mali ya wizi."

Kalamu ilisimama kidogo. Kisha Bi Sinyangwe akaandika neno kwa neno, akaenda kumletea kiti.

Alimshauri aende zake kwenye jubilei, mbwa atalishwa. Kaspar akakataa. Watasema hakuwa amewahi kuachwa na wageni, na akimng'ata mlinzi kwa hofu, hakuna cheti kitakachomwokoa. Akamtuma Nikodemu kwa dada, yeye akakaa mlangoni mwa banda. Ijumaa ikapita. Jumamosi asubuhi kengele za kanisa zikalia mlimani, na Kaspar akazisikia kwa sikio lake moja. Iliuma, wanangu. Miaka kumi na mmoja, halafu misa inakupita umekaa jirani na kengele.

Mchana zikasikika nyimbo barabarani. Alikuwa Gaudensia katika kitenge cha jubilei, mumewe na ua kifuani, wajukuu na masufuria ya kuku vichwani.

"Kaspar we!" akapaza sauti. "Hamsini nzima nimeolewa, na mdogo wangu ananifanya nije kula karamu kwenye banda la mbwa!"

Kaspar alilia mbele za watu na hakujali. Wakala pale pale, na Bi Sinyangwe akapewa paja. Alasiri daktari akapatikana kwenye simu, akacheka mpaka wote wakasikia. Huyo mbwa namjua, akasema, na mzee wake alinijia mara nne kuuliza kama siku thelathini haziwezi kupunguzwa. Banda likafunguliwa. Kwa dada walicheza ngoma mpaka Jumanne.

Wakati wa kurudi, forodha ya nyumbani ilipotokea, Nikodemu alinyoosha mkono kwenye kamba ya tanga kwa mazoea. Mkono ukasimama hewani, akaurudisha mwenyewe. Wakaingia tanga likiwa juu, mizigo wazi, Watasema amesimama mbele, na Kaspar ameinua cheti kabla hata hajaulizwa.

Gatini wavuvi wakashangaa. "Nyie mna nini leo? Mnaingia na mbwa peupe namna hiyo, hamwogopi?"

Kaspar alikuwa anafungua kinywa, lakini aliyejibu alikuwa Nikodemu, mvukaji mpaka wa miaka yote:

"Mbwa wa cheti hafunikwi tanga."