Maiti ya Siku ya Ushindi

Ndugu zangu waumini, kaeni kidogo. Najua wengine mna haraka, redio bado zinasema na kila mtu anataka kusikia nani atapewa wizara gani. Mawaziri hawatakimbia. Nisikilizeni kwanza habari ya mwanamke mmoja, mwoshaji wa maiti.

Kijiji chake sikitaji. Katika kijiji hicho kulikuwa na chama kilichotawala tangu babu zetu wana meno. Chama kingine kilikuwepo, lakini kuwa mtu wa chama hicho ilikuwa kama kuwa na upele. Ukienda kutaka barua ya utambulisho, unaambiwa njoo kesho. Ukifungua duka, hununuliwi. Ukifiwa, haji mtu.

Mume wa mwanamke huyu alikuwa mtu wa chama hicho kingine. Basi siku moja binti yao mdogo, Raya, akashikwa na homa kali, na asubuhi yake akafariki. Ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango, alikaa mwenyekiti wa tawi la chama tawala. Mwenyekiti akapitisha neno: atakayeonekana kwenye msiba ule, tutajua ni mwenzao. Watu wakasikia. Mume akachukua jembe, akaenda na ndugu yake kuchimba kaburi, maana hata wa kuchimba hakupatikana. Mama akabaki na maiti ya mwanawe, anasubiri wanawake waje. Adhuhuri ikaadhiniwa, ikapita. Hakuja mwoshaji, hakuja hata wa kubandika maji jikoni.

Akainuka akamwosha mwenyewe. Hajapata kuosha maiti maisha yake. Mkono mmoja unamshika mtoto, mkono wa pili unamimina maji, na mtoto anateleza. Mmewahi kulifikiria jambo hilo, nyinyi mliokaa hapa mbele? Maiti haioshwi na mtu mmoja. Mmoja hushika, mwengine humimina. Yeye mwengine hakuwa naye. Na alipoinua macho kuona kama kuna mtu anakuja, aliona pazia la dirisha la mwenyekiti limefunuliwa kidogo, na mke wa mwenyekiti amesimama nyuma yake, anatazama.

Tangu hapo akajifunza kuosha maiti. Mwanamke yeyote wa upande wao akifa, yeye huitwa, usiku na mchana. Alisema hataki mama mwengine aoshe peke yake.

Miaka ikaenda, ukaja uchaguzi, na jambo ambalo hakuna aliyelitarajia likawa. Chama tawala kikashindwa. Matokeo yakasomwa asubuhi, na kabla msomaji hajamaliza, barabara ilikuwa imejaa. Ngoma, matarumbeta, wanawake wamevaa kanga za chama chao zilizokuwa zimefichwa chini ya magodoro. Wakasimama mbele ya nyumba ya mwenyekiti wakawa wanamwimbia vijembe. Yule mwoshaji alikuwa katikati yao, anacheza. Mnataka nikwambieni kwamba alikaa kwake kwa unyenyekevu akishika tasbihi? Alicheza mpaka kitambaa kikamvuka kichwani.

Ndipo akahisi mtu anamvuta mkono. Kugeuka, ni mke wa mwenyekiti. Amejitanda uso mzima, amepita uani na kuzunguka nyuma ya nyumba za watu ili asionekane.

"Mama Raya," akamwita.

Yule mwoshaji akaacha kucheza. Tangu mtoto afariki, hakuna mtu wa ng'ambo ile aliyewahi kulitamka jina hilo.

"Mama mkwe wangu amefariki. Tangu alfajiri. Waoshaji wetu nimewaita wote. Mmoja anasema mgonjwa, mmoja amefunga mlango. Wanaogopa hawa watu." Akaitazama ile ngoma. "Jua linapanda, Mama Raya. Sina mtu."

"Mumeo yuko wapi?"

"Yuko chumbani kwake. Hatoki."

Mwoshaji alikwenda kwake akachukua kapu lake la kazi, lenye karafuu maiti na pamba na majani ya mkunazi, akatoka. Na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu ili afike kwa mwenyekiti ni lazima akate katikati ya ngoma. Wanawake wakaliona kapu. Ngoma ikapungua, ikanyamaza. Shoga yake, yule aliyekuwa akiongoza vijembe, akasimama mbele yake.

"Wapi na kapu, shoga?"

"Kwenye maiti."

"Maiti ya nani?"

"Ya bibi wa nyumba hii."

Shoga akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. "Muache. Wamwoshe wenyewe, kama ulivyomwosha wako."

Waumini, neno hilo lilimpiga pale pale palipokuwa panauma. Akasimama na kapu lake. Alitaka kurudi. Nani asingetaka? Haki yote ilikuwa upande wake. Kama angegeuka, pasingekuwa na mtu wa kumlaumu, na ngoma ingepigwa juu zaidi. Lakini akakumbuka yale maji yanavyomwagika ovyo, na mtoto anavyoteleza. Hakuivuka barabara kwa huruma, nisikudanganyeni. Aliivuka kwa hasira, kwa kuwa alijua jambo lile ni baya kiasi gani na hakuweza kulitazama likitendwa tena, hata likitendewa watu wale.

Akampita shoga yake, akaingia.

Chumbani kwa bibi walikuwa watatu: yeye, mke wa mwenyekiti, na maiti. Nje ngoma ilikuwa imeanza tena, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo, na vumbi linaingia dirishani. Mke wa mwenyekiti hakujua pa kushika. Mwoshaji akamwonyesha: weka mkono hapa, bega lilale juu yako, usiogope, hatoumia. Wakamaliza josho la kwanza. Katika josho la pili, mke wa mwenyekiti akainua macho.

"Siku ya mwanao," akasema, "nilisimama dirishani. Mume wangu aliniambia niangalie nani anaingia kwenu."

Mwoshaji aliendelea kumimina maji.

"Hakuingia mtu," akasema mke wa mwenyekiti. "Na mimi nilikuona unahangaika peke yako. Nilikuona vizuri kabisa."

"Najua. Na mimi nilikuona."

Kata ya kuchotea maji ikagonga ndoo. Mke wa mwenyekiti akasubiri, labda kutukanwa, labda kusamehewa. Hakupata kimojawapo.

"Mshike vizuri," mwoshaji akamwambia. "Tumgeuze upande wa kushoto."

Wakamgeuza. Wakamkausha, wakamkafini. Alasiri bibi yule akazikwa, na waliomzika walikuwa wachache. Mume wa mwoshaji alikuwa mmoja wao, maana mkewe alimfuata kule ngomani akamwambia neno moja tu, "Nenda," naye akenda.

Nyinyi mnadhani hadithi imeisha hapa. Mnasubiri niseme kijiji kikalia, kikakumbatiana, kikala pilau pamoja. Sikilizeni kilichotokea.

Siku ya pili yule mwanamke alikwenda bombani. Akawakuta wenzake, wale wale aliocheza nao, wale wale ambao mama zao na dada zao amewaosha kwa mikono yake. Akasema, "Asalaam alaykum."

Hakujibu mtu.

Akarudia, akidhani maji yamewazuia kusikia. Shoga yake akafunga bomba ili isiwepo sababu, kisha akanyanyua ndoo yake akaondoka, na wengine wakamfuata. Mwanamke akabaki pale na ndoo tupu. Miaka yote ya kuonewa, hakuwahi kunyimwa jibu la salamu na watu wake. Alinyimwa siku ya pili ya ushindi.

Haya, sisi. Mmesherehekea wiki hii, na walioshindwa kati yenu mmeumia wiki hii. Mimi sina la kusema juu ya kura, kila mtu amepiga yake. Lakini niambieni, kilichobadilika ni nini? Kama jana ulikatazwa kwenda msibani kwa fulani, na leo ni wewe unayekataza, serikali gani imeondoka? Kuosha maiti ni faradhi juu yetu sote, asipopatikana hata mmoja wa kuifanya tumepata dhambi wote, waliotawala na wanaotawala. Kujibu salamu ni wajibu. Hakuna aya inayosema isipokuwa aliyekipigia kura chama kile. Na nyinyi mlioshindwa, msikae vyumbani kama yule mwenyekiti mkingoja mwanamke awatokee na kapu. Mna watu mliowatazama dirishani. Mnawajua kwa majina. Nendeni kwao kabla hamjawa na haja nao.

Tena nisiseme ya kijiji cha mbali. Tangu Jumatatu, humu msikitini, kuna wanaotoka kwa mlango wa mbele na kuna wanaotoka kwa mlango wa uani, wapitie chooni, wasikutane na wenzao. Mnadhani sioni? Leo mlango wa uani nimeufunga, na ufunguo ninao mfukoni. Viatu vyenu mlivyoviacha huko nimeagiza viletwe mbele, vikachanganywa na vya wenzenu, fungu moja. Mtainama pamoja kuvitafuta. Atakayeokota cha mwenzake ampe, na akimpa, amtolee salamu. Na mimi nitasimama pale mlangoni, nisikilize nani anaijibu.