Utepe wa Daraja la Kidimuni

"Daraja halina mgeni rasmi ila mwenye kuvuka." Mmeisikia juzi kwa yule mama aliyekuta bomba jipya limepigwa kufuli likisubiri uzinduzi, naye ndoo iko mkononi, mkaja mbio kuniuliza imetoka wapi. Kaeni. Methali hii ilizaliwa hapa hapa mtaani kwetu, Kidimuni, na ilianza hivi.

Zamani mtaa huu ulikatwa vipande viwili na korongo. Msilione leo limelala kama paka aliyeshiba. Wakati ule mvua ikinyesha lilinguruma hata majogoo wakaacha kuwika, maana nani angewasikia? Na vyura wake! Mmoja alibweka, mbwa wa Mzee Shebughe akahama mtaa. Anayebisha akamtafute mbwa amuulize.

Mzee Shebughe huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa Umoja wa Wakazi. Mtu mwadilifu, mkavu, asiyependelea hata tumbo lake mwenyewe. Kila Jumamosi aliwaita watu msaragambo: huyu na jembe, huyu na tofali kichwani, akina mama wakikoroga uji pembeni, mpaka daraja likasimama, mbao nene, kingo imara.

Kumbe kujenga ilikuwa kazi ndogo. Kubwa ilikuwa kuzindua. Kidimuni tulikuwa na maradhi ya uzinduzi, jamani. Hata shimo la taka lilipochimbwa, tulitupa taka kando yake mpaka alipopatikana mgeni rasmi wa kulipigia makofi. Basi daraja nalo likafungwa utepe mwekundu, mmoja kila mwisho, akaalikwa mheshimiwa fulani wa mjini. Mheshimiwa akasema anakuja wiki hii. Akasema anakuja ijayo. Masika yakafika kabla yake.

Watu wakaendelea kushuka korongoni na kukwea upande wa pili, wakipita chini ya daraja lao wenyewe, wakilitazama kama mbuzi aonavyo majani nyuma ya ua.

Asubuhi moja akaja Bi Mwantumu, muuza vitumbua, sinia kichwani, anakwenda kuuza stendi, ng'ambo.

"Mwenyekiti, niache niiname tu nipite chini ya utepe. Sitaugusa."

"Nikikuruhusu wewe, Bi Mwantumu, kesho nitamzuia nani? Sheria ni ya wote."

Akashuka korongoni. Akateleza. Vitumbua vyote vikaenda na maji, na nasikia samaki wa huko chini walishinda kutwa wakisubiri chai ya kuteremshia. Bi Mwantumu akapanda na sinia tupu, matope kiunoni, hakusema neno. Ukiona mwanamke wa Kidimuni hasemi neno, jua ameliweka akiba.

Hazikupita siku nyingi, ikawa harusi ya mtoto wa kiume wa mwenyekiti. Bibi harusi, Riziki, alikuwa wa ng'ambo. Alasiri wakamleta kwa tarumbeta na vigelegele, miguu imechorwa hina na piko mpaka juu ya vifundo. Na mila yetu mnaijua: bibi harusi akiingia kwa mumewe na hina iliyoharibika, atasemwa mpaka azeeke. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, korongo ni uji mtupu. Mjomba wa Riziki akajitolea kumbeba, akashuka kwanza kupima njia. Alizama magotini, ikabidi avutwe kwa kanga.

Watu wote wakalitazama daraja. Kisha wakamtazama Mzee Shebughe, aliyekuwa akimpokea mkwewe upande huu, kanzu nyeupe inameta, mkasi wa uzinduzi mfukoni. Alitembea nao siku zote, mheshimiwa asije akatokea ghafla.

"Kata, baba!" mwanawe akamsihi.

Mzee akautoa mkasi, akausogeza kwenye utepe. Akaishia hapo. Maana kando yake alisimama Bi Mwantumu na sinia lake la jioni.

"Kumbe utepe una macho," Bi Mwantumu akasema. "Mkwe wa mwenyekiti unamjua."

Watu wakaguna.

"Bi Mwantumu, usinitie aibu mbele ya wakwe."

"Mimi? Mimi nauliza tu. Daraja hili tulilijenga la nani?"

"La wanaovuka."

"Na huyo mheshimiwa anavuka kwenda wapi?"

Kweli, mheshimiwa hakuwa na safari yoyote Kidimuni. Angekata utepe, angekula pilau, angerudi kwa njia aliyojia.

Hapo ikasikika sauti kutoka ng'ambo, chini ya mtandio. Riziki! Bibi harusi anasema! Somo yake akamfinya, hakufinyika.

"Baba mkwe, mama huyo alikuwa mbele yangu kwenye foleni. Mwache apite kwanza, nami nitafuata."

Vigelegele vilivyopigwa pale vilikausha nguo kwenye kamba. Mzee Shebughe akamgeukia muuza vitumbua, akamkabidhi mkasi kwa mikono miwili.

"Karibu, mgeni rasmi."

"Nitakataje na sinia kichwani? Nishikie."

Mwenyekiti akalipokea sinia, akajitwika mwenyewe, mafuta yakimchuruzika kwenye kanzu. Bi Mwantumu akakata utepe wa kwanza, akavuka taratibu kama malkia, mwenyekiti nyuma yake na vitumbua, akakata na wa pili mbele ya pua ya Riziki. Bibi harusi akapita, hina kavu kama ukuta.

Mheshimiwa? Alikuja, masika yamekwisha. Akakuta daraja limejaa watoto, mbuzi na mikokoteni.

"Utepe wangu uko wapi?" akauliza.

"Kwani mheshimiwa unavuka?" Mzee Shebughe akamuuliza.

"Hapana, nimekuja kuzindua."

"Basi naomba usogee kando kidogo, baba, umewazibia watu njia. Daraja halina mgeni rasmi ila mwenye kuvuka."