Pembe Iliyoachwa Wazi

Wapendwa, alikuwapo kijana mmoja aliyegombana na baba yake, akaondoka nyumbani. Mjini akawa mtu wa kuokota vyuma chakavu mchana, na usiku kulala kwenye baraza za maduka, juu ya maboksi. Siku moja dereva wa lori la mkaa kutoka kwao akamtambua, akamwambia, "Pole kwa mzee." Pole ya nini? Baba alikuwa amekufa, amezikwa, na matanga yameshaanuliwa.

Mnajua kwetu ilivyo. Mtoto humtupia baba yake udongo kaburini kwa mkono wake mwenyewe. Kijana yule hakulia. Alisema moyoni: nitakwenda, nitatupa udongo wangu, nitaondoka kabla hawajaamka. Chakula sitaki, kitanda sitaki. Udongo tu.

Akafika alfajiri. Akachota udongo chini ya migomba, akasogea kaburini mkono umejaa. Akakuta saruji. Kaburi limejengwa, limesakafiwa, linang'aa. Niambieni: juu ya saruji udongo unautupa wapi? Si utakuwa vumbi la kufagiwa tu?

Ndipo akaona, upande wa miguuni, beseni kuukuu limegeuzwa kifudifudi na kuwekewa jiwe juu. Akalifunua. Chini yake pembe moja ya kaburi haikuzibwa. Nataka mlione vizuri shimo hilo: upana wa sinia, kingo zake zimenyooshwa kwa mwiko, majani yameng'olewa.

"Fundi aliishiwa saruji," akajisemea.

"Hakuishiwa."

Alikuwa dada yake, ndoo ya maji mkononi. "Alitaka kuziba. Baba mdogo naye akanicheka mbele ya watu: 'Mlango huo unamwachia nani, panya?' Nikakaa hapo kwenye pembe, nikawaambia, haya, zibeni pamoja na mimi."

"Dada, baba aliniambia nisirudi."

"Na mimi aliniambia nisiolewe na fundi baiskeli. Siku ya harusi nani alicheza mpaka kiatu kikakatika? Tupa udongo wako, mdogo wangu."

Akatupa. Hapo ndipo alipolia.

Alipotulia, akakung'uta mikono. "Ahsante, dada. Nimemaliza."

Dada hakumshika mkono wala hakumbembeleza. Aliingia stoo akatoka na saruji. Saruji haikai, mnajua; ikipata unyevu inaganda. Kila ya zamani ilipoganda, dada yule alinunua nyingine. Akaiweka miguuni pa ndugu yake. "Koroga. Ziba mwenyewe."

Akakoroga, akaziba, akalainisha. Kisha akanyanyua kiroba chake.

"Unakwenda wapi?" dada akauliza. "Saruji mbichi humwagiliwa asubuhi na jioni, wiki nzima, la sivyo inapasuka. Mimi zamu yangu nimeimaliza. Ndoo hiyo."

Kijana akaitazama ndoo. Akaweka kiroba chini.

Sasa, mlidhani nazungumza na yule kijana? Wa kwetu sisi hayupo humu ibadani. Asubuhi hii bado yuko barazani, anakunja maboksi yake. Tuliomo humu ndio tulioshika mwiko. Na sisi ni wepesi wa kuziba! Mtu hajaonekana misiba miwili, tumeshasakafia mahali pake, tumepiga na rangi. Tukiulizwa watoto wa nyumba hii ni wangapi, tunahesabu bila yeye, na sauti haitetemeki.

Wengine mtasema, "Mimi mlango wangu uko wazi." Vizuri. Lakini mmesikia? Shimo lilikuwa wazi, na bado alitaka kuondoka. Je, umenunua saruji mpya, au ile ya mwaka aliotoka imegeuka jiwe stoo? Na atakapokuja, kuna kazi gani ya nyumba hiyo iliyomngoja yeye, isiyofanywa na mwingine?

Basi twendeni tukabomoe tulipoziba. Mikono itachubuka, ichubuke. Na siku atakayotokea getini na kiroba chake, tusianze kumuuliza alikuwa wapi. Tumpe ndoo.