Mto Uliofagiliwa

Mfagia mto huambulia maji. Leo mmenisikia nikimtupia methali hiyo yule jirani aliyechoma kichaka kizima ili apate njia ya kupita, mkacheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni, ingawa si hadithi ya kuchekesha. Methali hii ilianza hivi.

Chini ya milima kulikuwa na mto ulioitwa Mlembwe. Wenye mashamba makubwa huko juu walijenga banio la zege, wakayageuza maji yote yaingie kwenye mifereji yao. Mto ukakauka, ukabaki mchanga, mawe na matope, miaka nenda miaka rudi.

Nakijwa alikuwa mjane aliyeishi ukingoni mwa mto huo, na riziki ya nyumba yake ilitoka kwenye migono, ile mitego ya fito ambayo samaki akishaingia hatoki. Mto ulipokufa, mwanawe wa pekee, Senzota, alihamia bwawa la mbali akavue huko. Aliaga kwa neno moja: "Mama, samaki wakirudi, na mimi nitarudi." Nakijwa alilishika neno hilo, akaishi nalo.

Wazee walikwenda kulalamika mpaka soli za viatu zikaisha. Mwishowe amri ikatoka kwamba banio lifunguliwe, mto upewe maji yake. Habari ilipofika kijijini, Nakijwa alilia mbele za watu bila kujali.

Sasa, watu wale walikuwa na desturi yao. Msafiri aliyepotea miaka mingi akisikika yu njiani, hufagiliwa njia kutoka mpakani hadi mlangoni, asije akakanyaga uchafu wa siku alizokosekana.

"Mto nao ni msafiri wetu," alisema Nakijwa. "Utapitaje kwenye matope haya?"

Hakuna aliyeona kosa. Kijiji kizima kikashuka mtoni na majembe na mafagio. Wakazoa majani yaliyooza, wakang'oa mizizi na matete, mawe wakayabeba kwenda kujengea kingo za barabara. Kwenye vidimbwi vya zamani matope yalikuwa bado mabichi kwa chini. Wakayachimba, wakayaanika juani. Namsembea, wifi yake Nakijwa, mwanamke wa mizaha, aliegemea jembe lake akauliza, "Wifi, kwani kambale ana aibu ya matope?" Watu wakaangua kicheko, kazi ikaendelea.

Kuku wa kijiji wakahamia kwenye yale matope. Kutwa wakadonoa konokono na vijidudu, wakanenepa, na watu wakasema hiyo ni baraka. Kisha, katika shimo la mwisho, wakamkuta kambale hai amejikunja topeni. Vigelegele! Mto umetuma salamu! Jioni walimla, kila mtu kipande cha kuonja, na Nakijwa akapewa kichwa kwa heshima.

Maji yakaja, safi, yakipita juu ya mchanga mweupe bila kizuizi. Nakijwa akatuma habari bwawani, na Senzota akarudi na migono mipya begani. Akatega. Asubuhi akaitazama, mitupu. Akaihamishia kwenye kona nyingine, akangoja. Masika yakaja yakapita, mitupu vilevile. Waliorudi upesi walikuwa mbu, kwa kuwa hapakuwa na wa kuwala.

Siku moja Senzota aliingia majini hadi magotini, akainua jiwe moja kati ya machache yaliyosalia, akampelekea mama yake ukingoni.

"Mama, hebu shika."

"Nini tena, baba?"

"Zamani ukigeuza jiwe la mto huu, chini yake wamejaa wadudu. Ndio chakula cha samaki. Tazama hili. Hakuna kitu."

"Watakuja, mwanangu. Maji yenyewe yamerudi juzi tu."

"Watoke wapi? Juu ni majabali na maji baridi, kambale hawaishi huko. Chini kuna maporomoko, hawapandi. Wa kurudi walikuwa humu humu topeni, wao na wadudu wao, wakingoja maji." Kisha akauliza, "Matope mliyapeleka wapi?"

Nakijwa aliwakumbuka kuku. Akakikumbuka kile kichwa cha kambale, na jinsi alivyokinyonya mpaka mfupa. Akaketi mchangani.

"Nilikuwa nakutengenezea njia, baba," alisema. "Nilitaka urudi."

"Najua, mama."

Senzota alikaa mpaka unga ukaisha ndani, akarudi bwawani. Safari hii hakuahidi kitu, na mama yake hakuthubutu kumuuliza.

Majirani walijaribu kumfariji. Namsembea mwenyewe, aliyekuwa ameacha mizaha, alimwambia, "Shukuru, wifi. Angalau maji yapo. Tunakunywa, tunafua."

"Maji yapo," alijibu Nakijwa. "Nilifagia mto, nimeambulia maji."

Jibu lake likawa hilo hilo mwaka hata mwaka, kwa kila aliyemsifia mto. Alipokufa, majirani walichota maji hayo hayo safi wakamwosha, wakamzika wao, kwa kuwa Senzota hakuwapo. Tangu siku hiyo watu wa Mlembwe husema, na hawacheki wanaposema: mfagia mto huambulia maji.