Mrehani Ulioziba Mlango

Zama za Sultani Hamduni, mtawala wa mji wa Marasi, binti yake Mwanashungu alimpenda Sefu, mwana wa tabibu, na Sefu, kabla hajasafiri kutafuta dawa ng'ambo ya jangwa, alimpandia mrehani chini ya dirisha, akamwambia, "Ukikohoa, chemsha majani, unywe na asali. Ukiumwa kichwa, yafikiche unuse, hata kutwa nzima."

Sefu hakurudi.

Mwanashungu akawa anaumwa kichwa kila siku. Na mrehani akauotesha hadi ukaizunguka nyumba yote, na harufu yake ikawa inalala naye, na waganga wa baraza wakamsifu, wakisema nyumba yenye mrehani haiingiliki na jini. Walisema kwa vilemba vikubwa sana.

Ndipo aliporithi pete ya nyanya yake, iliyosemekana ina jini. Akaisugua, akaamuru, "Mlete Sefu chumbani mwangu!" Hakutokea mtu. Alikuwa amekwisha kuitupa sandukuni, alasiri moja ikasikika chafya nje ya ukuta, madirisha yakatikisika.

"Nani huyo?"

"Mtumwa wa pete, sayidati. Sefu wako alikuwa kifungoni kwa mfalme wa majini. Ninaye mgongoni, nazunguka ukuta huu mpaka miguu imevimba. Siwezi kuvuka mrehani. Ung'oe."

"Mtue hapo hapo!"

"Ulisema chumbani. Amri ya pete haigeuzwi."

"Mbona hasemi mwenyewe?"

"Nimbebaye hasikiki na mwingine mpaka nimtue."

Mwanashungu akashika shina, asiling'oe. Jini akiwa mwongo, Sefu hayupo, na kitu pekee alichomwachia kitakuwa takataka.

"Muulize: kichwa kikiniuma, nifanye nini?"

Jini akanong'ona na aliye mgongoni.

"Anasema la kikohozi alifundishwa na babake. La kichwa alilitunga, ili kila siku uwe na sababu ya kuyashika majani yake. Anaomba radhi. Nami naomba haraka, bibi. Ana uzito huyu!"

Mwanashungu akacheka hadi akalia, akaung'oa wote kwa mikono yake. Jini akavuka, akamtua Sefu chumbani.

Wakaoana, Sultani akawapa mashamba na hazina, jini akaachwa huru, na bibi harusi alijipamba kwa kikuba, kishada cha maua, cha asmini tupu bila mrehani. Mrehani ulipandwa upya, karibu na jiko, kwa ajili ya kikohozi. Kichwa kilipomuuma, Mwanashungu alimnusa Sefu mwenyewe.

Basi enyi wenye kungoja, ukumbusho wa mpendwa ni dawa. Angalieni tu msiuoteshe mlangoni atakapopita.