Goti la Koplo Nkwabi

Hapo zamani, si ile zamani ya mazimwi bali hii ya juzijuzi yenye mafaili na mihuri, alikuwapo koplo mmoja akiitwa Nkwabi. Sanduku la mabomu lilimwangukia gotini akiwa mazoezini, na baada ya miezi saba ya bandeji na vidonge, jeshi likamwambia asante, nenda nyumbani. Lakini mtu hatoki jeshini kwa ugonjwa hivi hivi. Hupitishwa kwanza mbele ya bodi, nayo humpa asilimia ya ulemavu. Aliyepata thelathini au zaidi hutibiwa hospitali ya jeshi maisha yake yote. Aliyepata chini ya hapo hupewa mkono wa kwaheri.

Nkwabi alihitaji kupasuliwa goti. Bila hivyo, mguu ungekatwa kabla ya mwaka kwisha. Daktari wa wilaya alikwisha kusema, na vifaa vya kazi hiyo hakuwa navyo.

Bodi ikampa asilimia kumi.

Mkewe, Holo, aliisoma barua mara tatu, kisha akaigeuza nyuma, kana kwamba ishirini zilizobaki zilikuwa zimefichwa huko.

"Baba Shija, huko ndani ulifanya nini?"

"Nilisimama."

"Ulisimama vipi?"

"Nilisimama tu, Mama Shija. Watu husimamaje?"

Holo hakumwamini. Huyu alikuwa mwanamume ambaye akiwa peke yake chumbani aliburuta mguu kama gunia, na akisikia kitasa kinazungushwa alitembea kama yuko kwenye gwaride. Wake wengine hufichwa wanawake; yeye alifichwa maumivu. Akambana mpaka akasema.

Alikuwa amekaa kwenye benchi na mkongojo wake. Kanali mwenyekiti akaingia. Sajini wa mlangoni akapaza sauti: "Mguu sawa!" Naye Nkwabi, baada ya miaka kumi na sita ya kutii, akauachia mkongojo ukaanguka, akasimama wima, kifua mbele. Daktari akamuuliza, "Unaumwa?" Akajibu, "Hapana, afande!" kabla hajajua kwamba amejibu. Daktari akaandika.

"Ukasema hapana?"

"Kanali alikuwa pale."

"Na goti lilikuwa wapi? Limeenda likizo?"

Rufaa iliruhusiwa ndani ya siku thelathini, na barua ilikuwa imezitumia ishirini na saba njiani. Holo akaenda kuchukua fomu. Ilikuwa fupi mno kwa jambo kubwa hivyo, na hilo peke yake lilimtia shaka. Katikati palikuwa na mstari: *Taja mtu mmoja aliyesababisha kipimo kikosewe.* Likiandikwa jina, goti litapimwa upya na mtajwa ataadhibiwa. Lisipoandikwa, rufaa haisomwi.

"Hawawezi kuwa wawili?" akamuuliza karani.

"Mama, mstari ni mmoja."

"Na kama kosa si la mtu?"

"Mama, mstari ni mmoja."

Akaanza na sajini. Sajini Mbonea alimwona kwa mbali, akatabasamu kabla hajasalimiwa.

"Shemeji! Nasikia unatafuta mtu."

Amesikia kwa nani, na fomu haijakauka jasho la mkono wangu? Holo alijiuliza hivyo, ila kwa mdomo alisema, "Namtafuta aliyemsimamisha mgonjwa."

"Mimi nilifanya kazi yangu. Kanali akiingia, amri inatoka. Ningenyamaza, tepe zangu tatu zingekuwa zimeshabanduliwa. Na pale kwenye benchi alikuwapo mwingine. Nilipopiga kelele hakunyanyuka, alinitazama tu kama mbuzi. Amepata arobaini! Mumeo nani alimwambia autupe mkongojo?" Akashusha sauti. "Nimebakiza miezi minne nistaafu, shemeji. Ukiniandika, nitarudi kwetu kuruta mwenye mvi. Kamuulize daktari. Kalamu ilikuwa mkononi mwake."

Daktari alikuwa Meja Kokubanza. Alimtazama Holo viatu, kisha mikono, kisha uso, kwa mpangilio huo, kama mtu aliyezoea kudanganywa.

"Daktari, ulimshika goti?"

"Sikumshika."

"Kwa nini?"

"Mama, siku ile walikuja arobaini na mmoja. Mmoja aliingia anachechemea mguu wa kulia, akatoka anachechemea wa kushoto. Mwingine, kipofu wa macho mawili, aliniambia kifungo changu kimefunguka. Halafu akaja wa kwako, nikamuuliza, akajibu. Nikaandika jibu lake. Nilifanya kazi yangu."

"Ungemshika, ungejua."

"Ningejua. Hilo silikatai." Akavua miwani. "Ukiniandika, bodi itafungwa mwaka mzima, mafaili yote niliyotia sahihi yarudiwe. Nje wanasubiri watu sitini. Mmoja hana taya. Na atakayekikalia kiti hiki ni mwenzangu ambaye asilimia zake hutegemea mgonjwa amekuja na nini kwenye kikapu. Kamuulize mumeo, mama. Goti ni lake, na mdomo ni wake."

Holo alitoka asijue kama ameambiwa ukweli au ametishwa kwa adabu. Wasomi huweza yote mawili katika sentensi moja.

Nyumbani, Nkwabi hakuzungusha maneno.

"Niandike mimi. Ni mimi niliyesema hapana."

"Unajua aliyeidanganya bodi hufanywaje?"

"Najua. Nitapimwa, nitapasuliwa, na cheti changu cha utumishi kitafutwa. Miaka kumi na sita, kama sikuwahi kuvaa sare."

"Utaweza kuishi hivyo?"

"Nitaishi nikiwa na miguu miwili." Kisha hasira ikampanda, labda kwa sababu alijiona amekuwa mwema mno. "Lakini nami nilifanya kazi yangu! Kazi ya askari, akiulizwa kama anaumwa, ni kusema hapana. Na asubuhi ile, Mama Shija, nani aliyenipigia pasi sare ikawa kama kioo? Nani aliyeniambia nisimame kama mtu, nisionekane ombaomba?"

Holo alijijua. Ni yeye. Majirani walikuwa wameanza kunong'ona kwamba koplo anaigiza, mbona juzi ameonekana akipanda ngazi, naye alitaka bodi imwone mumewe akiwa na heshima yake. Akaichukua fomu, akasoma zile herufi ndogo za chini, zilizoandikwa kwa ajili ya watu wenye macho mazuri na bahati mbaya: raia akiharibu kipimo cha jeshi, kifungo miezi sita. Shija ndiyo kwanza alikuwa anaanza shule.

"Ungeniambia kwamba linauma hivyo," akasema hatimaye.

"Ungeniamini?"

Siku ya thelathini Holo alisimama kwenye dirisha la karani. Nkwabi alikuwa kando yake, juu ya mkongojo. Sajini Mbonea alikuwa amepata shughuli ya ghafla mlangoni. Meja Kokubanza alipita koridoni na faili, akapunguza mwendo, akawa anasoma tangazo la mwaka juzi. Wote watatu waliitazama kalamu, na kila mmoja aliwatazama wenzake kwa pembe ya jicho kuona nani anaitazama zaidi.

"Mama, nafunga saa tisa na nusu," karani akasema.

"Saa hizi ni saa ngapi?"

"Tisa na dakika ishirini na sita."

Holo akaandika. Jina moja. Karani akalisoma, hakuinua hata nyusi, akagonga muhuri.

Goti likapimwa, likashikwa safari hii, likapata arobaini na tano, likapasuliwa. Nkwabi anatembea. Na mmoja kati ya wale wanne alilipa, tena alilipa kikamilifu, kwa sababu fomu ile haikujua kulipisha nusu.

Sasa nisikilizeni, na msinijibu kwamba mkosaji ni fomu. Hilo hata Holo alilijua, lakini mstari ulikuwa mmoja na dakika zilikuwa nne. Yuko aliyetoa amri kwa sababu amri hutolewa. Yuko aliyeandika bila kushika. Yuko aliyesema haumwi huku anaumwa, na yuko aliyempigia pasi. Ishikeni kalamu ninyi.

Je, nani alistahili kuandikwa?