Nguchiro, Kiboko na Mkaguzi wa Amri

Hapo zamani za kale, wanangu, zamani zile wanyama walipokuwa na majiko, vitanda na kompyuta, palikuwa na Nguchiro. Mwili wake mdogo, lakini akili zake, acheni tu!

Nguchiro alipenda kuiandikia kompyuta yake amri fupifupi. Hii inawasha pampu. Ile inafungua mfereji wa mchicha alfajiri, mwenyewe yungali anakoroma. Lakini alijijua: ana haraka, na mwenye haraka hukosea. Kwa hiyo akatunga amri moja ambayo kazi yake ni kuzisoma nyingine zote kabla hazijaanza kazi. Akaiita Mkaguzi.

Mkaguzi akiona kosa, hulia, "Kwi! Kwi! Kwi!" na amri haitoki ng'o! Kila Nguchiro alipoteleza kwa kosa jipya, alikaa kitako akamfundisha Mkaguzi kulitambua. Majirani walimcheka kwa kuhangaika kwake. Lakini pampu zao zilipofurika jikoni, yake haikufurika hata mara moja. Ndipo wakamkabidhi maji ya kijiji kizima.

Kijiji kilikuwa na mabwawa mawili. Katikati yake palikuwa na mfereji na pampu ya kuhamisha maji toka hili hadi lile. La wote liliitwa Kiboko Mkongwe, kwa heshima ya babu aliyelichimba. La pili lilikuwa la mjukuu wake, nyuma ya ukuta, naye akalipa jina lake mwenyewe: Kiboko. Lilijaa pomoni, maana alikuwa ameziba kijito kwa mawe ili kimwagikie kwake tu.

Kiangazi kikaja, kikali. Bwawa la wote likabaki na maji ya kufika magotini mwa Swala. Asubuhi moja, puu! Mlango wa Nguchiro ukaanguka. Kiboko huyo, bila hodi! Nyuma yake Fisi, mpambe wake, akichekacheka.

"Shikamoo, Bwana Kiboko," akasema Nguchiro.

"Marahaba. Maji yaliyobaki bwawani yahamie kwangu. Leo!"

"Na watoto wa Swala watakunywa nini?"

"Watalamba umande!" akadakia Fisi. "He he he!"

Nguchiro akalitazama guu la Kiboko, akaishika shingo yake nyembamba. Kupigana, hawezi.

"Haya, niandike amri?"

"Uandike wewe, mjanja wewe? Fisi ataandika, nami nakutazama!"

Fisi akabonyeza kwa ukucha, ta! ta! ta! HAMISHA KIBOKO MKONGWE.

"Kwi! Kwi! Kwi!" Mkaguzi akalia. Kwenye kioo pakatokea onyo: Jina la maneno mawili halijafungwa kwa alama za kunukuu.

"Alama gani tena?" Kiboko akanguruma. "Nani huyu wa kunisahihisha mimi?"

Nguchiro alilisoma lile onyo mara moja tu, akajua kitakachotokea. Papo hapo akaanguka magotini.

"Bwana wangu, nifanyie utakalo! Kula mchicha wangu, vunja na mlango wa uani! Ila usimzime Mkaguzi, nakusihi! Ukimzima, kompyuta itaifuata amri yenu hivyo hivyo mlivyoiandika!"

"Ahaa! Umesikia, Fisi? Ndivyo ninavyotaka. Mzime!"

Fisi akamzima, akaandika tena yale yale. Kimya, jii. Hakuna kwi.

Pampu ikaanza: gurugurugurugu! Maji mferejini: shwaaa! Kiboko akajilaza barazani kwa Nguchiro akitafuna mchicha wa watu hadi jua la utosi. Pampu iliponyamaza, akarudi kwake jasho likimtiririka, akapanda ukutani, akafumba macho kwa raha, akajirusha.

Puu!

Tope tupu!

Alirudi kwa Nguchiro akichechemea, pua imejaa matope. "Umefanya nini, wewe?"

"Mimi? Sikugusa hata kitufe, bwana. Kompyuta ikikuta nafasi kati ya maneno, huyatenganisha. Ilidhani umetaja mabwawa mawili: Kiboko, na Mkongwe. Mkongwe peke yake hailijui. Kiboko inalijua sana, ikayahamisha maji yake hadi bwawa la wote!"

"Fisi! Andika maji yarudi!"

Fisi akageuka mlangoni. Kijiji kizima kilikuwa pale na mitungi, Tembo mbele. Fisi akasema, "Mkuu, nimekumbuka nina mgonjwa nyumbani," akatoka mbio, vumbi tu!

Jua likamchoma Kiboko mpaka ngozi ikaanza kupasuka. Jioni akaenda bwawa la wote, kichwa chini.

"Hodi. Naomba kuoga."

"Karibu," akasema Mama Swala. "Ila toa kwanza mawe kijitoni."

Akayatoa, moja baada ya jingine, watoto wakimhesabia kwa vigelegele. Maji yakashuka kwa wote.

Na Nguchiro? Wenzake wakiimba na kulisifu jina lake, yeye alikuwa ameinamia kompyuta. Alimwasha Mkaguzi, akamfundisha jambo jipya: amri yoyote ya kuhamisha maji ya kijiji isimame kwanza, mpaka kijiji kikubali. Ndipo akatoka kwenda kucheza ngoma.

Basi wanangu, anayekuonya kosa lako kabla halijakupata ni ndugu. Ukimziba mdomo, kosa lenyewe litakuja kukufunza.